Matunda ya mkebe: nani amewahi kufungua akajuta? Tupeane uzoefu

Naanza mimi. Jumamosi nilitoa mkebe wa mananasi juu ya kabati, pale juu ya jiko la gesi, nilipousahau tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kifuniko kilikuwa kimefura kidogo. Nikakibonyeza, tik, kikarudi. Nikajiambia ni hewa tu. Kutoboa hivi, maji yakaruka hadi kwenye pazia, povu jeupe, harufu ni busaa kabisa, ile pombe ya kienyeji. Mtoto akauliza kama hiyo ni soda. Wenzangu, nyinyi mnaweka wapi na mnajuaje imeharibika?

Wa Umoja: Pole mama. Joto la jiko ndilo lilikumaliza. Mimi niliponzwa na bei: mikebe iliyobonyea, nusu bei. Uliobonyea tumboni haukunisumbua. Uliobonyea kwenye mshono ulikuwa unavuja polepole ndani ya kabati, na sisimizi wa sukari ndio walionipasha habari. Siku hizi napitisha kidole kwenye ukingo kabla ya kulipa.

Wa Buruburu: Mimi hujaza mwenyewe pichi kwenye chupa za nusu lita. Mwongozo niliopata ni wa Marekani: tunda likishachemshwa na sharubati, chupa inachemshwa dakika 20. Nikafuata hivyo hivyo. Baada ya wiki sita vifuniko vitatu vilikuwa vimeinuka, kimoja kina kuvu. Kumbe hizo 20 ni za karibu na usawa wa bahari! Nairobi tuko kama mita 1,795, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ni dakika 30. Dada yangu wa Limuru, kulikoinuka zaidi, anaweka 35. Tangu hapo sijatupa hata moja. Na ile kuvu msiikwangue mkala kilichobaki. Inakula asidi ya tunda, na asidi ndiyo mlinzi wenyewe.

Wa Kayole: Na papai je? Nina mengi.

Wa Buruburu: Papai lina asidi kidogo, si kama nanasi. Bila maji ya limau usijaribu. Bakteria wa botulizimu humea pasipo na asidi ya kutosha, na sumu yao haina harufu wala povu, huwezi kuigundua kwa kuonja.

Wa South B: Kwetu shida ilikuwa mkebe uliofunguliwa. Mzee alikuwa anarudisha nusu kwenye friji na mkebe wake, kesho tunakula ladha ya chuma. Sasa tunamimina kwenye bakuli la mfuniko, na siku ya tano haifiki.

Wa Kayole: Wangu umepita tarehe mwezi mmoja, haujafura, hauna kutu.

Wa Umoja: Mimi ningefungua. Rangi itakuwa imefifia tu. Lakini mkebe ukirusha maji, usionje.

Mimi tena: asanteni. Mikebe yangu nimehamishia chini ya kitanda, kwenye baridi na giza. Baba watoto anauliza kama tunafungua duka.