Nyanya yenye ukinzani imenyauka katika shamba la tumbaku: je, mbegu ni bandia?

Mkulima wa Sikonge: Habari za kazi, ndugu zangu. Nimelima nyanya katika shamba nililokuwa nikilima tumbaku kwa miaka mingi, nikatumia mbegu chotara ambayo pakiti yake ina herufi V, F na N, na muuzaji akanihakikishia kwamba inakinzana na magonjwa ya udongoni. Miche ilistawi, lakini ilipoanza kutoa maua ikanyauka ingali ya kijani. Je, nimeuziwa mbegu bandia?

Mama Bustani, Uyui: Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kuilaumu mbegu, ng'oa mche mmoja utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, hao ni minyoo fundo, ambao hushambulia tumbaku na nyanya kwa pamoja. Kisha kata kipande cha shina ukining'inize katika glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria.

Bwana Shamba mstaafu, Tabora Mjini: Ushauri wa Mama Bustani ni sahihi. V ni mnyauko wa vetisilia na F ni wa fuzari, yote miwili ikiletwa na kuvu wa udongoni, na N ni minyoo fundo. Hakuna herufi hapo inayohusu bakteria. Hata hiyo N ina mpaka wake: inatokana na jeni iitwayo Mi, ambayo watafiti wa Marekani waliitoa katika nyanya pori ya Peru katika miaka ya 1940 kwa kukuza kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) maabara, na jeni hiyo hulegea joto la udongo likizidi nyuzi 28, jambo la kawaida katika kichanga chetu kisipowekewa matandazo.

Kwa bakteria kazi ni ngumu zaidi. Ukinzani wa nyanya mashuhuri iitwayo Hawaii 7996 hutegemea jeni kadhaa, hivyo kuuhamisha wote katika nyanya kubwa ya sokoni huchukua miaka mingi. Ndiyo maana napendelea kubebesha nyanya, yaani kuunganisha kikonyo chake juu ya shina la biringanya EG203, inayostahimili bakteria huyo na inayopendekezwa na Kituo cha Mboga cha Dunia. Usifukie mahali pa kuunganishia, kwani nyanya itatoa mizizi yake na ugonjwa utapita hapo.

Mkulima wa Sikonge: Nashukuru sana, wazee wangu. Nimejaribu leo asubuhi: mizizi haina vinundu, lakini nyuzi nyeupe zimeshuka kwenye glasi. Anayejua zinakopatikana mbegu za biringanya hiyo hapa Tabora naomba anielekeze, nianze na miche michache.