Presha kuka imemuunguza dada wa kazi, mwenye duka anataka tuirudishe atupe laki tatu. Nikubali?

Baba Naila:
Wakuu salaam. Naomba ushauri, na kama kuna mwanasheria humu tafadhali asipite kimya.

Kabla ya Ramadhani nilinunua presha kuka ya alumini Kariakoo, ile ya kubandika kwenye gesi, lita saba. Kampuni na duka sivitaji kwa sasa, suala bado bichi. Tuliitumia vizuri tu. Wiki iliyopita dada anayetusaidia kazi nyumbani, binti wa miaka ishirini na mbili, alibandika makongoro. Anasema filimbi ililia kama kawaida, akazima gesi, akashika mkono wa sufuria aisogeze pembeni abandike wali. Mfuniko hakuugusa. Ukafyatuka wenyewe, ukapiga kabati la juu, na mchuzi wote ukamrukia shingoni, kifuani, na mkono wa kulia hadi vidoleni. Mungu mkubwa, macho yamepona.

Alilazwa, ameshatoka, sasa anakwenda kusafishwa vidonda. Gharama zote nimebeba mimi.

Nikaenda dukani na picha. Nilitegemea ugomvi, lakini mwenye duka hakubisha hata kidogo. Akasema: "Leteni hiyo mbovu, mchukue mpya ya aina nyingine, na laki tatu ya dawa juu. Tuandikishiane tu karatasi kwamba yameisha kiungwana." Mke wangu anasema tukubali yaishe. Shemeji anasema tudai mamilioni. Risiti niliyonayo ni ya mkono, imegongwa muhuri wa "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nililipa kwa Lipa Namba.

Nifanyeje?

Kajiungeni Junior:
Pole sana mkuu, na mpe pole binti. Chukua laki tatu. Kesi za Bongo unaanza mtoto yuko chekechea unamaliza kaoa.

Fundi Majungu:
Kajiungeni usimpoteze mwenzio. Baba Naila, USIIRUDISHE HIYO SUFURIA. Usiioshe pia. Wala usimpe fundi yeyote aifungue "aangalie tatizo", hata mimi usinipe.

Nimetengeneza hivi vitu miaka mingi. Presha kuka nzima haikubali kufunguka ikiwa na presha. Mdomo wa sufuria una masikio, mfuniko una masikio yake, ukizungusha yanapishana na kukazana. Nyingi zina na kipini kidogo kinachonyanyuliwa na mvuke. Kikiwa juu, mfuniko hauzunguki. Sasa kwenye hizi za bei ya kutupa nakuta alumini laini, masikio membamba yanapinda taratibu kila unapofunga, au mpini wa mfuniko umelegea kiasi kwamba unadhani umefunga kumbe umefika nusu. Mle ndani maji yako kwenye nyuzi 120 hivi, siyo 100. Mfuniko ukiachia, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo na kusukuma kila kitu nje. Ndiyo maana binti ameungua mpaka shingoni wakati sufuria iko usawa wa kiuno.

Jiandae na utetezi wao: watasema mlijaza kupita kiasi, au mafuta ya makongoro yaliziba tundu la filimbi. Jibu liko kwenye chuma chenyewe: masikio yamepinda au la, tundu limeziba au liko wazi, vali ya usalama ilifanya kazi au ilibaki imelala. Ukishawapa sufuria, umebaki na maneno yako dhidi ya maneno yao.

Mchuuzi wa Uhuru:
Nasema kama mtu wa Kariakoo. Huyo mwenye duka siyo malaika wala siyo shetani. Mzigo huo alichukua kwa mwenye kontena, na yeye anaitaka sufuria akamwonyeshe arudishiwe hela ya katoni nzima. Inawezekana kabisa wewe siyo wa kwanza kurudi. Ungekuwa wa kwanza angekubishia.

Mtume mtu mwingine akanunue moja kama hiyo hiyo, adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukiwa na boksi jipya utapata jina la mwagizaji, kama lipo, na namba ya toleo. Fanya haraka kabla hazijaondolewa kwenye shelfu na kupelekwa mikoani. Na zitapelekwa, nawajua.

Nesi Zamu ya Usiku:
Mnaongea sufuria tu. Binti anaweza kunyoosha vidole? Anageuza shingo? Kidonda cha moto kwenye maungio kikipona bila mazoezi ngozi inajikunja na kuvuta, mkono unabaki umekunjika. Muulizeni daktari kuhusu fiziotherapia sasa hivi, msisubiri kipone. Piga picha kila anaposafishwa, mahali pale pale, zenye tarehe. Tunza cheti cha kuruhusiwa na risiti za dawa zote, hata za bandeji. Kama hamkuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi ya polisi, kachukueni, ajali imeandikwa wapi zaidi ya hospitali?

Na wengine mnaosoma: moto ukitokea ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo asali. Vidonda vinakuja wodini vimepakwa mpaka mafuta ya breki.

Wakili wa Kata:
Pole Baba Naila. Naandika kwa ujumla, siyo badala ya kuonana na wakili akasoma karatasi zako.

Kwanza, ondoa wazo kwamba ni wewe utakayekubali au kukataa. Aliyeungua ni binti, mtu mzima mwenye akili timamu. Madai ya maumivu, makovu na mkono wake ni yake. Wewe unadai bei ya sufuria na gharama ulizolipa. Ukisaini karatasi ya "yameisha" na kuweka laki tatu mfukoni, umeuza kisichokuwa chako. Na usisahau wewe ni mwajiri wake, una wajibu wako pia kwake: mshahara wakati hafanyi kazi, matibabu, na kutomrudisha kijijini kimya kimya.

Pili, njia za kisheria ni mbili na zinachanganywa sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora ndani ya mauzo hata kama hamkuyatamka, lakini mauzo yale ni kati yako na duka. Binti hakununua kitu. Yeye anapita kwenye uzembe: mtengenezaji, na yeyote aliyeingiza au kuuza kitu akijua au akipaswa kujua kuwa ni hatari, ana wajibu kwa mtumiaji hata kama hawajawahi kuonana. Msingi huu ulitokana na konokono. Mwaka 1928, mji wa Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kwenye chupa nyeusi isiyoonyesha ndani. Alipokuwa ameshakunywa kiasi, rafiki akamimina kilichobaki, na mama huyo akadai kwamba kikatoka na mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na yeyote, soda ilinunuliwa na mwenzake. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza, watatu kwa wawili, wakasema mtengenezaji anaweza kushitakiwa na mnywaji moja kwa moja. Hiyo ndiyo Donoghue dhidi ya Stevenson, na hakuna mwanafunzi wa sheria Mlimani anayemaliza bila kuikariri.

Sasa muhuri wa "hairudishwi": binti hakukubaliana na muhuri huo wala hakuuona. Haumfungi.

Muda: madai ya madhara ya namna hii ni miaka mitatu, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Madai yako ya mkataba ni sita. Hakuna sababu ya kukimbizwa na mtu wiki hii.

Kajiungeni Junior:
Konokono tena 😂 Wakili, hiyo ni Uingereza. Hapa nani anajali?

Wakili wa Kata:
Mahakama zetu zinaitumia kila siku. Lakini swali lako lina maana, kwa sababu ugumu wa hapa siyo sheria, ni kumpata wa kumshitaki na kuthibitisha kasoro. Ndiyo maana kabla ya mahakama naanza na Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 haihusu makampuni makubwa tu kama watu wanavyodhani. Ina sehemu za usalama wa bidhaa na za kuondoa bidhaa sokoni, na Tume ina mamlaka ya kutoa amri ya fidia kwa aliyeumia kutokana na ukiukwaji wake. Kulalamika hakuhitaji wakili. TBS nao, Ubungo pale, wana maabara. Waombe wachukue sampuli dukani wenyewe. Sufuria yenu ibaki kwenu, waonyesheni na ipigwe picha. Mkiikabidhi, iwe kwa maandishi yenye namba na sahihi.

Mama Kokoto:
Samahani, hivi Tanzania bidhaa huwa zinaondolewa sokoni kweli? Mimi naonaga ya Marekani tu.

Wakili wa Kata:
Zinaondolewa. Aprili 2024 TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iliondoa toleo la dawa moja ya kikohozi ya watoto baada ya Nigeria kutoa tahadhari, na Kenya na Rwanda zikafanya hivyo hivyo. Kwa dawa tuna utaratibu unaoeleweka. Vyombo vya jikoni ndiyo vinapita kimya, kwa sababu aliyeungua anapewa sufuria mpya na hadithi inaishia dukani. Taasisi haiwezi kufuatilia jambo ambalo halijafika mezani kwake.

Mbongo Minnesota:
Niko huku. Mei 2025 walitangaza kurudishwa presha kuka za umeme za Ninja Foodi, zile za OP300, zaidi ya milioni 1.8. Mfuniko ulikuwa unaweza kufunguliwa wakati ndani bado kuna presha. Zaidi ya watu 100 walikuwa wameripoti kuungua, zaidi ya 50 kati yao vibaya sana. Suluhisho lao lilikuwa kumtumia mteja mfuniko mpya bure. Huku sheria inamtaka mwenye kampuni akijua kasoro ya hatari atoe taarifa serikalini ndani ya saa 24.

Naandika hili kwa sababu nyingine. Vyombo vya namna hiyo, watu wa huku wakiambiwa waache kutumia, vingine vinaishia kwenye minada ya gereji, sisi tunanunua dola tano, tunafunga kwenye mapipa tunatuma nyumbani kwa mama. Ukipokea kitu kutoka huku, chukua namba ya modeli uitafute mtandaoni kabla hujachomeka.

Jirani wa Kitengela:
Poleni kutoka Kenya. Kwetu iko kwenye Katiba yenyewe, Kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya kufidiwa akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Halafu kuna sheria ya watumiaji ya 2012. Lakini msidhani tunalala raha, soko letu la Gikomba ni Kariakoo nyingine. Hata huku jambo la kwanza wakili anakuuliza ni "kitu chenyewe kiko wapi?"

Baba Naila:
Asanteni sana. Nijibu yaliyoulizwa.

Sufuria haijaoshwa, iko stoo, hakuna aliyetaka kuigusa. Nimeitazama kwa tochi bila kuishika: sikio moja la mfuniko limepinda kuelekea juu, tundu la filimbi linapitisha mwanga. Boksi lipo, lina namba ya modeli na maandishi ya Kichina, alama ya TBS hakuna, jina la mwagizaji hakuna. Meseji ya malipo ninayo, ina jina la aliyepokea. PF3 tumechukua leo.

Binti nimekaa naye, na mama yake akiwa kwenye simu. Kusema kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini. Anasema hataki kurudi Singida na mkono huu, anataka atibiwe mpaka ushike sindano, maana alikuwa ameanza kujifunza ushonaji jioni. Laki tatu anaona ni hela nyingi.

Wakili wa Kata:
Ni nyingi mpaka uanze kuhesabu fiziotherapia na miezi asiyofanya kazi. Mpelekeni kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, LHRC (kituo cha haki za binadamu) au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), aende yeye mwenyewe, wewe msindikize tu, kwa sababu siku moja maslahi yako na yake yanaweza kupishana. Meseji ya malipo isifutwe. Ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi ionyeshwe umetunzwa vipi.

Kama mwenye duka anataka kweli kusaidia matibabu, apokelewe. Binti aandike: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu, bila kuathiri madai yangu mengine." Tarehe, sahihi, shahidi. Akikataa kusaini hiyo, mtajua zile hela zilikuwa za dawa au za sufuria.

Fundi Majungu:
Sikio limepinda kuelekea JUU na tundu liko wazi. Sisemi kitu, lakini piga picha hiyo kwa karibu, weka na rula pembeni.

Baba Naila:
Nimepiga. Jumatatu tunakwenda Ubungo, Jumanne msaada wa kisheria. Nimemtumia mwenye duka ile sentensi ya Wakili neno kwa neno. Hajasema ndiyo wala hapana. Amepiga simu baada ya nusu saa, amepanda laki sita, na anauliza kama anaweza kutuma bodaboda aje achukue sufuria usiku huu.

Mchuuzi wa Uhuru:
Ameshaongea na mwenye kontena. Funga stoo.