Eti nina MACHO YA KUKU! Huyu mgeuza mihuri ya Mohenjo-daro mnamvumilia hadi lini?

Wakuu, leo nina hasira za kupasua kikombe. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa mistari myekundu, ukimwekea picha ya chapati anakuonyesha ramani ya nyota.

Kaingia kwenye uzi wangu wa Bonde la Indus, ule ustaarabu wa kale wa Pakistan na India uliokuwa na miji kama Mohenjo-daro. Nilikuwa nimeweka ule muhuri maarufu ulioko makumbusho ya New Delhi: mtu ameketi, magoti kayapanua, kichwani pembe za nyati, kazungukwa na tembo, simbamarara, kifaru na nyati. Jiwe lenyewe halifiki sentimita 4! Fundi wa miaka kama 4,000 iliyopita kachonga humo mpaka bangili, zimepangana kutoka kiganjani hadi karibu na bega. Kuvuta tu ile picha nione bangili kunanisisimua.

Sasa jamaa kafanya nini? KAUGEUZA JUU CHINI. Pembe zikawa miguu, magoti yakawa mabawa, akazungushia wino wake mwekundu: "Chombo cha angani kilichofichwa." Tembo wa watu kaning'inia miguu juu, yeye hana habari!

Nikamjibu kwa adabu zote. Mkuu, muhuri huchongwa kinyume ili ukigandamizwa kwenye udongo picha itoke sawa, na wanyama wote wanakuonyesha juu ni wapi. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Wewe una macho ya kuku."

Macho ya kuku! Mimi! Na nusu ya jukwaa likampa dole!

Ndiyo yale yale ya mwaka 2000, Rajaram na Jha waliodai wamesoma maandishi ya Indus walituletea "farasi" wa Bonde la Indus, kumbe ni kipande cha muhuri uliovunjika, mnyama wa pembe moja kabakia makalio. Watafiti Witzel na Farmer wakaja kuanika mambo hadharani. Lakini hata Rajaram na Jha hawakumgeuza mtu kichwa chini, wala hawakuniita kuku.

Moderators, afungiwe. Nawasilisha.

Kipara Ngoto: Uzi bila picha ni umbea. Weka muhuri tuone nani kuku.

Bi Mkora: Nimegeuza simu. Wallahi naona ndege 😂😂

Mleta uzi: Bi Mkora usinitie presha. Huyo ni MTU. Ana BANGILI.

Mzee wa Gahawa: Kijana, povu la nini? Mwanaakiolojia John Marshall naye mwaka 1931 alimwona Shiva, mungu wa Wahindu, kwenye jiwe hilo hilo, watu wanabishana mpaka kesho. Mbona humgombezi?

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Marshall alitoa sababu zake: nyuso tatu, ukaaji, wanyama. Na HAKUGEUZA!

Kipara Ngoto: Kuku naye hageuzi, anadonoa tu.

Mtoto wa Matrah: Bora wako anachora. Mimi niko Maskati. Ra's al-Jinz, pwani ya huku Oman, kumechimbwa vigae vya mitungi ya hao hao watu wa Indus, walikuwa wanavuka bahari kuja kufanya biashara. Vitu vya maana kabisa! Nikimweleza ndugu yangu wa nyumbani, swali lake ni moja: "Dhahabu mmeipata?" Kila siku dhahabu, dhahabu!

Mama Kashata: Usiniguse kidonda mdogo wangu. Shemeji yangu kaona mkwaruzo kwenye jiwe shambani, akasema ni alama ya mali za Mjerumani, mshale unaelekea kwenye mbuyu. Kachimba mihogo yangu yote. YOTE. Kapata bati la paa.

Bi Mkora: Pole dada. Wa kwetu alimchimbia jirani choo kizima usiku.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, kaugeuza juu chini

Mzee wa Gahawa: Mama Kashata, huyo shemeji kakulipa mihogo?

Mama Kashata: Anilipe na nini? Anasema tukipata sanduku nachukua nusu. Na jana kaja na wenzake wawili na kifaa cha kupimia madini, wamekula ugali wangu, wameanza kuangalia viazi.

Kipara Ngoto: Samahani mama, hilo jiwe liko mkoa gani? Mshale una vidole viwili au vitatu?