Yule Mammy wa Natchez: aondolewe au abaki?

Mleta mada: Wakuu, naendesha lori huku Marekani, barabara kuu namba 61 ndiyo shamba langu. Ukitoka Natchez, mji wa jimbo la Mississippi uliokaa juu ya genge la mto, ukashika kusini kidogo tu, utamwona mwanamke wa futi 28 kando ya njia. Ni mgahawa. Sketi yake ya matofali ndiyo ukumbi. Watu wanaingia humo wanakula pai. Alijengwa 1940 kwa sura ya "mammy", yule yaya mweusi wa hadithi za mabwana wa pamba: mtiifu, hachoki, utadhani hana watoto wake mwenyewe. Zama za kudai haki za raia zilipofika, wakamchubua. Ndiyo, mkorogo wa brashi!

Mimi nasema aondoke. Natchitoches, Louisiana, walikuwa na sanamu la shaba la mzee mweusi kainamisha kichwa, kofia mkononi, lililosimamishwa 1927 kuwashukuru weusi "wema". Liling'olewa 1968, leo liko makumbusho Baton Rouge. Huyu ana nini cha ziada?

Mpenda pai: Mkuu, lile la shaba lilibebeka. Nyumba ya matofali utaipakia kwenye trela lako? Halafu ni biashara ya mtu, si mali ya serikali. Mimi niliingia, nikala, nikatoka, na babu zangu hawajanitokea usingizini.

Mama wa Jackson: Mnabishania sketi. Hapohapo Natchez kuna njia panda inaitwa Forks of the Road. Mwaka 1833, kwa hofu ya kipindupindu, mji uliwatoa madalali wa watumwa nje ya mipaka yake. Soko likakaa pale hadi jeshi la Kaskazini, lile la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lilipoingia 1863. Ukanda ule, soko lililolizidi ni la New Orleans tu. Nenda leo: nyasi, vibao, na pingu zilizozamishwa kwenye zege. Unapita na lori lako bila kugeuza shingo.

Na mwaka huohuo wa Mammy, 1940, mwezi Aprili, klabu ya Rhythm iliungua mjini humo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Watu weusi 209 wakafa. Sasa taja mahali pale Natchez ambapo wageni wanasimama kupiga picha. Ni kwa yaya! Sitaki abomolewe. Nataka hawa wengine nao waonekane kutoka barabarani.

Mleta mada: Mama, hapo nimekaa kimya kidogo. Ila kama anabaki, arudishiwe weusi wake. Ule mkorogo unaniudhi kuliko sketi, maana anayepita leo anadhani ni kichekesho tu cha njiani.

Mpenda pai: Mrudishie weusi uone. Kesho yake watu wameandamana mlangoni.

Mama wa Jackson: Waandamane. Wakimaliza, wapande magari waende njia panda, si mbali.