Hivi fataki za 4 Julai kule Marekani zilianzaje?

MamaJunior: Habari zenu wapendwa. Nina miaka miwili huku Ohio na kila ikikaribia 4 Julai mtaa mzima ni fataki, wanaanza hata wiki kabla. Mwanangu yuko darasa la tatu kaniuliza mama mbona uhuru wanausherehekea kwa kulipua baruti, nikakosa jibu. Jirani akasema ni kwa sababu wimbo wao wa taifa unataja roketi na mabomu ila mi naona haijakaa sawa. Anayejua anisaidie.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Dada, jirani kageuza mambo. Ule wimbo Francis Scott Key aliutunga 1814, Waingereza walipoishambulia ngome ya McHenry pale Baltimore, na wakati huo fataki zilishapigwa miaka 37 nyuma. Anzia kwenye barua ya John Adams, mmoja wa viongozi waliopigania uhuru na baadaye rais wao wa pili, kwa mkewe Abigail, 3 Julai 1776, hata Azimio la Uhuru lenyewe halijapitishwa, anamwambia siku hii iadhimishwe kwa gwaride, michezo, bunduki, kengele, mioto na mataa bara zima, milele. Ila yeye alikuwa anaisema tarehe 2, siku walipopiga kura ya kujitoa chini ya Uingereza. Mwaka 1777 Philadelphia wakafanya kweli, mchana mizinga na kengele, usiku fataki zikafunguliwa kwa roketi 13 na kufungwa kwa roketi 13, maana makoloni yalikuwa 13. Na vita bado vinapiganwa jamani! Septemba ileile Waingereza wakauteka huo mji. Watu wanashangilia uhuru ambao bado hawajaushika mkononi, mimi hapo huwa panatia moyo sana.

Kijana_wa_Mvita: Naongezea, hawakuanza na kitu kipya. Kabla ya hapo watu haohao walikuwa wanapiga mizinga na kuwasha mioto siku ya kuzaliwa mfalme wa Uingereza, na kila 5 Novemba kukumbuka ile njama ya 1605 ya kulipua bunge London. Sherehe ya mfalme wakaichukua wakaifanya yao. Baruti yenyewe asili yake China. Af mwambie mtoto fataki za 1777 hazikuwa na rangi hizi anazoziona, zilikuwa za njano njano tu kama cheche za moto, rangi kali zimekuja karne ya 19 walipoanza kuchanganya madini, strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba bluu.

Bukavu_Texas: Asante kwa historia, lakini na mimi niseme langu. Mama yangu alikimbia vita kwetu Congo, usiku huo halali kabisa, tunafunga madirisha tunaweka kwaya kwa sauti kubwa tunakaa naye mpaka zinyamaze. Hata wanajeshi wastaafu wa hapa wapo wanaoweka kibao nje ya nyumba kuomba majirani wawaonee huruma. Kama unapiga, mjulishe jirani mapema.

MamaJunior: Mungu awabariki. Nimemsomea Junior, saa hii anachora roketi 13, mbili kakosea kaanza upya. Bukavu, mpe mama pole sana. Ghorofa ya chini kuna bibi wa Kisomali, tarehe 3 ntamgongea nimuulize kama angependa tukae naye.