Plazma yenye sumaku: kanieneo linakuwa hasi, nimekwama

Binti wa Makulu:
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, namalizia tasnifu ya uzamili. Nimeandika mwenyewe, kwa Python, programu ya kukokotoa mtiririko wa plazma (gesi ya chembe zenye chaji) ndani ya uga sumaku. Jaribio la Brio na Wu la mwaka 1988 (mfano wa mwelekeo mmoja wa kupimia programu kama hizi) limekubali vizuri kwa seli 800, yaani vipande 800 vya gridi. Nikihamia pande mbili, kwenye vimbunga vya Orszag na Tang (mfano mwingine wa kupimia), gridi ya 256 kwa 256, muda ukifika 0.6 kanieneo la seli moja linakuwa hasi. Hatua tatu mbele, skrini nzima ni "nan", yaani si namba tena. Juzi niliiacha ikikokotoa usiku kucha, alfajiri nikakuta yale yale. Hatua ya muda nimeipunguza nusu, wapi. Nimekosea wapi?

Kijana wa Kongwa:
Pole dada. Weka sakafu: kanieneo likishuka chini ya 0.0001, lirudishe hapo. Hakikisha pia sharti la Courant (hatua ya muda isizidi muda wa wimbi kuvuka seli moja) unalipigia hesabu kwa wimbi la sumaku lenye kasi kuliko yote, si kasi ya sauti peke yake.

Mwalimu mstaafu:
La Courant ni kweli, ila yeye ameshapunguza nusu na tatizo liko palepale. Sakafu usiiweke kwanza, mwanangu, itakufichia ugonjwa.

Brio na Wu isikutie moyo sana. Kule kuna mwelekeo mmoja tu, Bx (sehemu ya uga sumaku B inayofuata mhimili wa x) ni 0.75 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo dayavajensi ya B, yaani uga unaotoka kwenye seli ukitoa unaoingia, ambayo kimaumbile lazima iwe sifuri, ni sifuri hata programu ikiwa mbovu. Pande mbili ndipo inapojulikana. Brackbill na Barnes walilionyesha mwaka 1980: dayavajensi isipokuwa sifuri, inazuka nguvu ya uongo inayosukuma plazma kufuata mistari ya sumaku, mahali ambapo nguvu ya sumaku haitakiwi kusukuma kabisa. Na wewe kanieneo unalipata kwa kutoa: nishati yote, toa ya mwendo, toa ya sumaku. Kinachobaki ni kidogo, kosa dogo tu linakipeleka chini ya sifuri.

Dawa ipo zaidi ya moja. Dedner na wenzake (2002) wanalisafirisha kosa hilo la dayavajensi kwa mawimbi huku wakilififisha. Ni rahisi kuandika. Mimi lakini napenda njia ya Evans na Hawley, 1988: Bx ikae kwenye kuta za kushoto na kulia za seli, By kwenye za chini na juu, uga wa umeme kwenye kona. Chukua seli moja uichore kwenye karatasi. Kila kona inagusa kuta mbili za seli hiyo. Unapojumlisha, umeme wa kona unaingia mara moja kwa kuongeza na mara moja kwa kutoa. Unafutika wenyewe! Ukianza na sifuri, utabaki na sifuri. Na mwanzo wako ni salama, maana Bx pale inategemea y tu, By inategemea x tu.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima dayavajensi ya sasa, zidisha kwa upana wa seli, gawa kwa ukubwa wa B.

Binti wa Makulu:
Shikamoo mwalimu. Nimepima: kwenye seli ile ile iliyokufa ni 0.4! Nimechora karatasini kama ulivyosema, kisha nikawastanisha mitiririko niliyokuwa nayo ili kupata umeme wa kona. Saa nane usiku imefika muda 1.0 bila "nan" hata moja, bila sakafu, na dayavajensi kubwa kuliko zote ina sifuri kumi na mbili baada ya nukta. Asante sana. Asubuhi napeleka picha kwa msimamizi wangu.

Mwalimu mstaafu:
Marahaba mwanangu. Peleka na ile karatasi.