Hedifoni nzito za studio: zipi zinadumu, na zikiharibika zinatengenezwaje?

Sauti_Arua

Habari zenu ndugu. Tuko kwenye studio ndogo ya redio hapa Arua, Uganda. Hedifoni ni nne, zinapokezanwa na watangazaji kutwa nzima, na kuna vipindi vinavyofika saa tatu bila kuvua. Hizi nyepesi za bei ya chini hazimalizi mwaka. Upande mmoja unakufa, ngozi ya pedi inabanduka na kumwachia mgeni weusi mashavuni. Tumeamua kubadilisha zote kwa pamoja, tununue nzito za studio. Tunaangalia Beyerdynamic DT 770 Pro, Sony MDR-7506, na ile DT 100 ya kijivu ya watu wa redio.

Naomba msaada kwa haya. Je, uzito ni dalili ya uimara? DT 770 nichukue ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 80 au 250, ikiwa miksa ina tundu moja na tunataka kuwagawia watu wanne? Na mafundi simu hapa ni wengi, lakini waya wakiunga leo, kesho umeachia. Kwa nini?

La mwisho: hedifoni moja kati ya hizi za zamani ina ugonjwa wa ajabu. Muziki unasikika mwembamba, wa mbali, lakini sauti ya mtangazaji haipo kabisa, na ya mwimbaji pia haipo. Spika zake zimekufa?

FundiBombo

Nianze na hilo la mwisho, maana hiyo hedifoni usiitupe. Spika zake zote mbili ni nzima. Kilichokatika ni waya wa pamoja, ule unaorudisha umeme kutoka masikio yote mawili.

Plagi ya stereo ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni waya wa pamoja. Shina likikosa njia, umeme wa kushoto unapita spika ya kushoto na kuingia ya kulia, basi. Hapo unachosikia ni tofauti tu iliyopo kati ya pande mbili. Sauti ya maiki huwekwa katikati, sawa kwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo inajifuta. Vinavyobaki ni mwangwi na vyombo vilivyopangwa pembeni.

Hakikisha kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Chomoa hedifoni kwenye miksa, weka kipimo cha omu kisichopungua 2000, pima ncha na shina, halafu pete na shina, halafu ncha na pete. Hedifoni nzima ya omu 64 itasoma karibu na 60 mara mbili za kwanza, na karibu 120 mara ya tatu. Mbili za kwanza zikikataa na ya tatu ikasoma, ni waya wa pamoja. Kisha shikilia vipimo kwenye ncha na shina, mwenzako akunje waya taratibu kuanzia kwenye plagi kwenda juu. Namba ikijitokeza na kupotea, papo hapo ndipo palipokatika. Sehemu zinazokatika mara nyingi ni mbili: sentimita chache za mwanzo kutoka kwenye plagi, na pale waya unapoingia kwenye kikombe cha kushoto.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu kulehemu, maana ndilo swali zito.

DadaMiksa_Kla

Kaka, uzito usikudanganye. MDR-7506 ina gramu 230 bila waya, DT 770 Pro ina 270, DT 100 ina 350. Lakini Sennheiser HD 25, iliyoko sokoni tangu 1988, ina gramu 140 tu, na mpaka leo wapiga picha wa televisheni na ma-DJ hawaiachi, kwa sababu kila kipande chake kinachomoka na kinauzwa peke yake. Jambo la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: inafunguka? Pedi, waya na upinde vinapatikana kimoja kimoja? Hedifoni iliyogandishwa kwa gundi, hata iwe na nusu kilo, waya ukikatika ndani umeipoteza.

Chuma kina faida mahali pamoja tu, kwenye upinde na vishikio vya vikombe. Upinde wa DT 770 ni chuma cha springi, unavumilia kuvutwa na mikono ya haraka. Upinde wa plastiki hupasuka pale unaporefushwa, kwenye vile vijino vya kupimia kichwa.

Sasa omu. DT 770 Pro zote zimeandikiwa usikivu wa desibeli 96 kwa miliwati 1. Tundu linalotoa volti 1 linaipa ya omu 80 miliwati 12.5, yaani kama desibeli 107. Volti hiyo hiyo inaipa ya omu 250 miliwati 4, yaani kama desibeli 102. Tofauti ni desibeli 5. Kwenye miksa nzuri hutaiona, kwenye kompyuta ya mapajani utaiona mara moja. Kwa studio yenu chukueni 80, na ZOTE NNE ziwe za namna moja. Ukichanganya 80 na 250 kwenye mgawanyo mmoja, mmoja anapigiwa kelele na mwingine anaomba uongeze.

Msigawe kwa waya wa panda, ule unaotoa matawi kadhaa kutoka plagi moja. Hedifoni nne za omu 80 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 20 mbele ya tundu moja, sauti inaanza kukwaruza kabla haijatosha. Nunueni amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu manne, kila tundu na kitufe chake cha sauti. Hapo kila mtu anajipimia mwenyewe, na hilo ni jambo la afya. Kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Kipindi chenu cha saa tatu kwa desibeli 91 tayari kimevuka mpaka. Watangazaji wengi hupandisha sauti kwa sababu pedi zimechoka na kelele za nje zinaingia, hawajui kwamba dawa ni pedi mpya.

Jambo la waya: 80 inakuja na waya ulionyooka wa mita 3, 250 inakuja na wa kuviringika. Ulionyooka usilale sakafuni, viti vya magurudumu ndio muuaji wake mkubwa. Mfunge kwa utepe chini ya meza, ubaki mita moja na nusu tu ya kuchezea.

Na msinunue za vikombe wazi, DT 990 na wenzake, kwa chumba chenye maiki. Sauti inatoka nje na kuingia hewani, na mkizidisha inaanza kupiga mluzi.

MzeeWaNyaya (Jinja)

Binti amesema vizuri, ila kwa kiti cha mgeni mimi ningeweka DT 100. Haipendezi macho, na muziki wake si mpana, lakini kwa maneno ya mtu inatosha kabisa, na waya wake unachomoka kwenye kikombe kwa plagi yake. Mgeni akiinuka ghafla na kuukata, unachomeka mwingine na kipindi kinaendelea. Itazame omu zake tu, ya kawaida ni 400 na inataka amplifaya. Kama mnataka kitu cha kisasa chenye waya wa kuchomoka, ipo DT 700 Pro X, omu 48, gramu 350, inatumia mini XLR, plagi ndogo ya duara ya pini tatu.

7506 ni nzuri sana ya sauti, lakini jueni udhaifu wake wa aina mbili. Nyaya nyembamba zinazokwenda kwenye vikombe ziko nje pale inapokunjwa, na zinanaswa. Pili ni pedi za ngozi bandia. Jasho, mafuta ya nywele na unyevu wa hewa vinaila ngozi hiyo mpaka inabanduka. Msiifute kwa spiriti, spiriti inaikausha na kuharakisha kupasuka. Kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, baada ya kila kipindi.

Kwa joto la Arua, pedi za mahameli za DT 770 ndizo zinazovumilika kichwani saa tatu. Zinaoshwa: zivue, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kamua kwa kiganja bila kusokota, anika kivulini mpaka sponji ikauke ndani kabisa. Zikirudishwa zikiwa mbichi zinanuka, na unyevu unaingia kwenye spika. Agizeni jozi mbili za akiba siku hiyo hiyo mnayonunua, zije kwa basi pamoja na mzigo. Pedi ikilala, besi inapungua kwa sababu haifungi tena sikio, na mtu anadhani spika imechoka.

Ukisikia mkwaruzo kwenye besi ya DT 770 mpya au ya zamani, kabla ya kulaumu spika, tafuta unywele. Unapenya kwenye pedi na kulala juu ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya spika inayotetemeka. Vua pedi, toa kisponji cha duara, angaza kwa tochi ya simu kwa pembeni, uondoe kwa kibanio. Kiwambo chenyewe usikiguse, na usipulize kwa hewa ya kompresa, utakibonyeza ndani.

Mpya inabana. Ivishe kwenye boksi lenye upana kidogo kuliko kichwa, ilale hivyo usiku kadhaa. Usiivute kwa mikono ikanyooka.

Mwisho, bandia ni nyingi mjini Kampala. Kuipima kwa mkono hakutoshi, kipande cha chuma kinawekwa kirahisi ndani ya kikombe. Nenda dukani na multimita. 7506 ni ya omu 63. Ukipima ncha na shina ukakuta thelathini na kitu, rudisha mezani.

FundiBombo

Nimerudi. Kwa nini waya ukiungwa unaachia: waya wa hedifoni ndani si shaba tupu. Kila uzi umepakwa vanishi ya rangi, nyekundu, kijani au ya dhahabu, na nyuzi hizo zimechanganywa na nailoni ili zisikatike. Fundi anaona rangi ya shaba, anadhani ni shaba, anaweka risasi ya kulehemu kwa moto mdogo aliouzoea kwenye bodi za simu. Risasi inakumbatia nje, vanishi imebaki ndani. Inashika kwa uzi mmoja au miwili, ukiuvuta kesho imekwisha.

Inavyotakiwa: pasi ya kulehemu iwe nyuzi joto 380 mpaka 400. Weka tone kubwa la risasi kwenye ncha ya pasi, ingiza ncha ya waya ndani ya tone hilo, milimita 4 tu, ushikilie mpaka moshi utoke na risasi ipande yenyewe kwenye nyuzi. Sekunde 3 mpaka 5. Fungua dirisha, moshi huo si wa kuvuta. Ukiona waya umekuwa wa fedha pande zote, ndipo umeiva. Kisha shusha moto hadi 350 kwa kuunga. Ukiwa unaunga kwenye spika yenyewe usizidishe sekunde 2, kwa sababu waya wa koili unaoishia hapo ni mwembamba kuliko unywele na plastiki inayeyuka.

Kwa DT 770, kikombe cha kushoto: vua pedi, toa kisponji, kuna pete ya plastiki yenye mwanya. Ingiza bisibisi bapa kwenye mwanya, inyanyue kidogo kidogo kuizunguka, kisha spika inatoka. Piga picha ya rangi za nyaya kabla hujagusa chochote, usitegemee kumbukumbu wala rangi za hedifoni nyingine. Waya mpya uukaze kwa kifungo cha plastiki upande wa ndani wa tundu, ili mvuto uishie hapo na usifike kwenye risasi.

Sauti_Arua

Asanteni sana, Mungu awabariki. Dada, tumekubaliana na omu 80. Mzee, DT 100 tutaitafutia kiti cha mgeni.

Fundi, nimepima ile mgonjwa. Ncha na shina: hakuna. Pete na shina: hakuna. Ncha na pete: 124. Nikikunja waya karibu na plagi, namba ya ncha na shina inaruka na kurudi. Plagi ni ya kuyeyushiwa plastiki, haifunguki.

FundiBombo

Basi umeshamaliza kazi ya daktari. Kata plagi pamoja na sentimita 5 za waya, kwa sababu shaba iliyokunjwa hapo imechoka yote. Nunua plagi ya chuma ya stereo ya milimita 6.3 yenye kibano cha waya ndani, Neutrik NP3X ikipatikana. Adapta ya plagi ya milimita 3.5 kwenda 6.3 achana nayo, uzito wake unalegeza tundu la miksa.

Kabla ya risasi yoyote, pitisha kifuniko cha plagi na mrija wa plastiki kwenye waya. Menya milimita 15 za ganda la nje, choma vanishi kama nilivyoeleza, kisha tafuta waya wa nani ni upi kwa multimita: jozi inayosoma 124 ni kushoto na kulia, uliobaki ni wa pamoja, huo unakwenda kwenye shina. Hedifoni nyingine zina nyaya nne. Hapo jozi mbili zitasoma 62 kila moja. Cheza wimbo wa upande mmoja ili ujue kushoto ni upi, maana multimita haitakuambia.

Ukimaliza, sema kwenye maiki. Sauti yako iwe katikati ya kichwa, imara. Ikiwa imetawanyika pembeni na haina kifua, na hedifoni yako ni ya nyaya nne, umegeuza mbili za upande mmoja. Zibadilishane nafasi kwenye upande huo tu, halafu ukaze kifuniko.